Singo molti iliyomaliziwa kwenye pipa la sheri: mimi napata zabibu kavu, mwenzangu njiti ya kiberiti. Pua ya nani mbovu?

#1 Kizibo Kikavu
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja. Nina chupa ya singo molti (wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja) ya Scotland, miaka 12, pombe asilimia 46. Lebo inasema haikuchujwa kwa baridi wala haikutiwa rangi. Ilikaa kwenye mapipa ya burboni (wiski ya Marekani), ikamaliziwa kwenye mapipa ya oloroso, aina ya sheri, ule mvinyo wa Hispania unaoongezewa pombe. Jina siliweki, maana nikiliweka tu nusu ya uzi itakuwa watu kutetea timu zao.

Mimi nikinusa: zabibu kavu zilizolowekwa, ganda la chungwa, asali kwa mbali. Mdomoni inaanza tamu, katikati inaingia mdalasini, mwisho inakausha fizi hadi ulimi unagandamana na kaakaa.

Mwenzangu, chupa hiyohiyo, glasi ya umbo lilelile, tumekaa meza moja: njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, mpira, halafu nyuma yake lozi chungu. Zabibu anasema hazioni kabisa. Wa tatu wetu yeye hasikii chochote zaidi ya mbao na pombe.

Ni pua, ni chupa, au ni maneno tu tunajazana?

#2 Shemeji Mkuu
Huyo wa tatu ndiye mkweli pekee. Nyie wengine mnasoma lebo kwa pua.

#3 Pua Ndefu
Shemeji umeanza mapema 😂

Kizibo, huyo mwenzako hajakosea. Anachonusa ni salfa. Mapipa ya mvinyo yakiwa matupu huchomewa salfa ndani yasiote ukungu au kugeuka siki, na mabaki yake yanaweza kuingia kwenye wiski. Sasa kuna watu salfa wanaisikia hata ikiwa kidogo mno, na wengine waimwagie kikombe kizima wanakuambia "naona chokoleti". Mimi ni wa kundi la kwanza, na si raha hata kidogo. Wenzangu wanasifia, mimi nakunywa kiwanda cha matairi.

Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi, na si wote tumerithi seti moja. Mfano maarufu ni androstenoni, kemikali ya kwenye jasho: mtu mmoja anasema mkojo, mwingine anasema utamu kama vanila, wa tatu hasikii kitu. Harufu ni ileile. Kwa hiyo hao watatu wako, Kizibo, ni jambo la kawaida kabisa.

#4 Mtaalamu Feki
Nyongeza. Oloroso ni sheri tamu, ndiyo maana wiski zake zinakuwa na zabibu. Kama mwenzako haoni utamu basi hilo pipa halikuwa na sheri ya kutosha. Angalia rangi: ikiwa nyeusi kama mahogani sheri imeingia, ikiwa ya majani makavu umeuziwa hadithi.

#5 Kaa la Jana
Nimekaa siti ya mbele. Fundi Mapipa akipita hapa #4 atajuta.

#6 Fundi Mapipa
Nimepita.

Feki, oloroso yenyewe ni kavu. Ni mvinyo wa zabibu za Palomino unaoongezewa pombe kali hadi asilimia 17 au zaidi. Kiwango hicho kinaua ule utando wa hamira unaoelea juu ya fino, sheri nyepesi, na kuikinga na hewa. Oloroso haina kinga hiyo, inakaa miaka ndani ya pipa ikipigwa na hewa, na ndipo inapata lozi, ngozi, mbao za kabati la zamani. Tamu yenyewe ni Pedro Ximénez, ambayo zabibu zake huanikwa juani zikasinyaa ndipo zikakamuliwa. Kuna sheri tamu zinazochanganywa kutokana na hizi mbili, lakini ukisema oloroso bila nyongeza unasema kitu kikavu.

Kwa hiyo mwenzake Kizibo aliyepata lozi chungu ameipata oloroso vizuri tu, huenda kuliko aliyepata zabibu.

Kuhusu rangi: sheria ya Scotland inaruhusu karameli E150a kwenye wiski. Ujerumani wanalazimisha iandikwe kwenye lebo, kwingine chupa inakaa kimya. Hii ya Kizibo lebo inasema haina, sawa. Lakini hata bila karameli, rangi nzito inaweza kutoka kwenye mti. Mwaloni wa Ulaya una tanini nyingi (ndizo zinazokausha fizi) na unapaka rangi haraka kuliko wa Marekani. Pipa la mwaloni wa Marekani lililojaa sheri hiyohiyo litatoa wiski nyepesi zaidi kwa macho.

#7 Mtaalamu Feki
Jina langu lipo wazi mkuu, sijamdanganya mtu 😅 Lakini mimi mwenyewe nimekunywa za oloroso tupu zikawa tamu. Ulimi wangu umetoka wapi na huo utamu?

#8 Fundi Mapipa
Kwenye kuni. Pipa likikaangwa moto kwa ndani, mbao zinatoa vanila, karameli, viungo. Ulimi unasikia harufu ya vitu vitamu, kichwa kinasema "sukari". Sukari halisi humo ni kiduchu.

#9 Dada wa Glasi
Kizibo, nimekufuata faraghani, umenitajia, na ninayo hiyo chupa. Ilishafunguliwa, imebaki kama theluthi. Nimemimina jioni hii nikiwa nimefunga lebo kwa kitambaa ingawa najua ni nini, kwa hiyo msinisifie.

Mara tu baada ya kumimina: kiberiti. Ndiyo, mwenzako yuko sahihi. Kidogo, kama njiti imewashwa chumba cha pili. Nikafunika glasi kwa kigae kidogo, nikaendelea na shughuli zangu. Nilipofunua baada ya nusu saa hivi kiberiti hakipo, kuna ganda la chungwa limekauka, nta ya mshumaa, na zabibu, lakini si zile nyeusi nzito. Zile za rangi ya dhahabu. Mdomoni mdalasini siusikii kabisa, nasikia tangawizi na kitu kichungu cha kijani kama kutafuna kijiti. Mwisho mkavu, hapo nakubaliana na Kizibo.

Swali langu kwake: mwenzako alinusa mara alipomiminiwa, na wewe ulikuwa umeshaanza kuzungusha glasi?

#10 Kizibo Kikavu
Dada hapo umenishika pabaya. Yeye ni wa kunusa na kumeza, hana subira. Mimi nazungusha.

#11 Pua Ndefu
Haitoshi. Harufu ya salfa nyepesi hupaa, sawa, lakini ipo nyingine nzito (mpira, kabichi iliyochemka) haiondoki hata uache glasi usiku kucha. Nimeiacha na asubuhi ilikuwepo inaningoja. Huyu kasema mpira. Mpira haupai kwa nusu saa.

#12 Msomaji Kimya
Nauliza kama mgeni: mbona kila mtu analaumu pipa? Salfa si inaweza kutoka kiwandani?

#13 Fundi Mapipa
Swali zuri kuliko majibu yote ya juu, yakiwemo yangu. Ndiyo. Chachu yenyewe inazalisha salfa wakati wa kuchachusha, na shaba ya mitungi ya kukenekea ndiyo inayoikamata. Mvuke ukigusana na shaba nyingi, wiski inatoka safi na nyepesi. Ukigusana na shaba kidogo, inatoka nzito, ya nyama. Viwanda vinavyopozea mvuke kwenye bomba la mzunguko lililozamishwa ndani ya tangi la maji, kama Mortlach na Craigellachie, vinajulikana kwa uzito huo, na wapenzi wake wanaufuata makusudi. Kwa hiyo ukikuta kiberiti kwenye wiski ya sheri, watuhumiwa ni wawili, na mimi kwa kunusa tu siwezi kuapa ni yupi.

Hiyo chupa ya Kizibo ni ya bomba la namna hiyo?

#14 Kizibo Kikavu
Nikijibu nimetaja nusu ya jina. Sijibu 😂

#15 Shemeji Mkuu
Basi ni ya bomba. Tumeshajua.

#16 Kizibo Kikavu
Sijasema hivyo!

#17 Kibuyu Tupu
Wacha niseme ukweli ambao wapenzi wa wiski za kumalizia hawapendi. Kumalizia kwenye pipa la sheri ni njia ya kuficha wiski iliyochoka. Wiski ikikaa miaka kumi kwenye pipa bovu la burboni ikawa haina ladha, wanaitupia kwenye sheri miezi michache ipake lipstiki. Ndiyo maana pua zinagongana: mmoja anasikia lipstiki, mwingine anasikia uso. Wiski ya sheri ni ile iliyokaa kwenye sheri tangu siku ya kwanza. Glenfarclas, GlenDronach, Aberlour A'bunadh. Basi.

#18 Mzee wa Dufftown (jina tu, sijafika)
Kibuyu, punguza. Mtu anayetajwa sana kwenye mambo haya ni David Stewart wa kiwanda cha Balvenie. Alianza kuhamisha wiski kutoka mapipa ya burboni kwenda ya sheri miaka ya 1980, na wiski yao ya DoubleWood ya miaka 12 ikatoka 1993: muda mwingi kwenye mapipa ya Marekani, kisha kama miezi tisa kwenye mapipa ya oloroso ya mwaloni wa Ulaya. Hakuwa anafukia uchafu. Alitaka asali ya Balvenie ibaki mbele na sheri ikae pembeni. Glenmorangie nao miaka ya 1990 wakaifanya kuwa mtindo wa nyumba. Huwezi kuniambia wote hao walikuwa wanapaka lipstiki maiti.

Ila nakupa moja: kanuni za Scotland hazisemi kumalizia kuchukue muda gani. Miezi sita ni kumalizia, miaka mitatu nayo ni kumalizia. Neno hilo kwenye lebo halikuambii kitu kuhusu kiasi. Ya Kizibo imekaa muda gani kwenye oloroso? Lebo imesema?

#19 Kizibo Kikavu
Haijasema. Imesema tu "imemaliziwa".

#20 Kibuyu Tupu
Nakazia. Lipstiki.

#21 Dada wa Glasi
Kibuyu, mbona nami nimeonja za sheri mwanzo mwisho zikawa zimezama? Miaka mingi kwenye pipa jipya la mwaloni wa Ulaya unatafuna mbao, kiwanda kimepotea, shayiri imepotea. Unaweza kupanga tatu za viwanda tofauti na usijue ipi ni ipi. Iliyomaliziwa vizuri angalau nasikia shayiri chini. Kwenye hii ya Kizibo ipo, biskuti fulani kavu hivi, inatokea ukishameza, ukiachia pumzi puani.

#22 Kaa la Jana
Biskuti! Nami nimepata jina faraghani na nimepata glasi moja kwa rafiki. Biskuti ninayo. Zabibu sina. Kiberiti sina. Nina ndizi iliyoiva kupita kiasi na rangi ya kiatu.

#23 Shemeji Mkuu
Rangi ya kiatu 🙆🏾‍♂️ Kesho mtu ataleta sabuni ya kufulia.

#24 Tone la Maji
Mmetia maji au hamjatia? Hakuna aliyetaja. Asilimia 46 bado ni kali, pombe inafunga pua. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden, Karlsson na Friedman, walionyesha kwamba ukiongeza maji, gwayakoli, kemikali mojawapo ya harufu ya wiski, inasogea juu ya uso wa kimiminika, ndipo unainusa. Bila maji inabaki imezama. Kwa hiyo mmoja akitia matone na mwingine asitie, hawanywi kinywaji kimoja.

#25 Fundi Mapipa
Tone, utafiti upo, lakini usiubebeshe mzigo usio wake. Ulifanywa kwenye kompyuta, wakipiga hesabu ya jinsi molekuli za maji, pombe na gwayakoli zinavyojipanga. Hakuna mtu aliyenusa. Tena gwayakoli ni ya moshi zaidi, na hii ya Kizibo sijasikia mtu akitaja moshi. Na waliona kwamba kwenye asilimia 45 kushuka chini inakuwa tayari iko juu karibu na hewa. Ilikuwa inazama kuanzia 59 kwenda juu, nguvu ya wiski inayotoka pipani moja kwa moja. Chupa ya 46 imeshatiwa maji kiwandani.

#26 Tone la Maji
Hata hivyo mimi nikitia matone mawili inafunguka. Kompyuta au si kompyuta.

#27 Dada wa Glasi
Nami. Ila ya Kizibo ikitiwa maji inaharibika. Chungwa linakufa, uchungu wa mbao unajitokeza mbele. Nadhani tanini zikishapoteza ule unene wa kuzibeba zinabaki uchi. Na inapata ukungu kidogo, inakuwa kama mtu amepumulia glasi kwa ndani. Hilo ndilo linanifanya niamini kweli haikuchujwa kwa baridi: yale mafuta mafuta yaliyobaki ndani hayakubali maji mengi. Chini ya 46 ndipo yanapoanza kuonekana, ndiyo maana viwanda vingi visivyochuja vinasimamia hapo hapo 46.

#28 Ndimu na Chumvi
Utamu unasikika ncha ya ulimi, uchungu nyuma. Kama mwenzako anatupa mpaka nyuma anapata uchungu tu. Mwambie aishikilie mbele.

#29 Pua Ndefu
Ndimu, ramani ya ulimi ilishakufa siku nyingi. Ilianzia kwenye kazi ya Mjerumani mmoja, Hänig, mwaka 1901, wengine wakaichora vibaya baadaye, shule zikaipenda. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjeo inasikia vyote. Kushikilia mdomoni kunasaidia kwa sababu nyingine, inapata joto na harufu inapanda puani kwa mlango wa nyuma.

#30 Ndimu na Chumvi
Basi shule irudishe ada.

#31 Mzee wa Dufftown (jina tu, sijafika)
Mnasahau jambo la wazi. Chupa ya Kizibo na chupa ya Dada si lazima ziwe wiski moja! Kila toleo linachanganywa upya. Angalieni namba ndogo iliyochapwa kwenye kioo chini karibu na kitako, au nyuma ya lebo ukitazama kupitia kimiminika. Ni ya kijivu hafifu, ielekeze kwenye taa ndipo utaisoma. Hiyo ndiyo namba ya toleo. Mapipa ya oloroso ya toleo moja yanaweza kuwa yanatumika mara ya kwanza, la pili yakawa mara ya tatu.

#32 Dada wa Glasi
Yangu inaanza na L, kisha tarakimu nyingi. Nimemtumia Kizibo picha. Zake na zangu zinatofautiana kuanzia tarakimu ya tatu.

#33 Kizibo Kikavu
Ni kweli. Lakini mzee, mimi na mwenzangu chupa ilikuwa moja. Hilo linaeleza tofauti yangu na Dada, halielezi ya mezani.

#34 Mzee wa Dufftown (jina tu, sijafika)
Linaeleza ya Kaa la Jana na rangi yake ya kiatu angalau.

#35 Kaa la Jana
Rangi ya kiatu naisimamia.

#36 Msomaji Kimya
Fundi, kabla uzi haujapotea: pipa la sheri linatoka wapi hasa? Nikisoma lebo napata picha ya pango huko Jerez, Hispania, pipa la karne nzima, babu analigonga kwa fimbo.

#37 Fundi Mapipa
Hiyo picha ndiyo inayouza chupa, na wala sikulaumu.

Zamani sheri ilisafirishwa Uingereza ikiwa ndani ya mapipa na kujazwa chupa hukohuko. Mapipa matupu yakabaki bandarini, bei chee, Waskoti wakayachukua. Yalikuwa ya usafiri, si ya kukomazia. Miaka ya 1980 ikafika mahali sheri yote ijazwe chupa kwenye eneo lake yenyewe, Jerez, El Puerto de Santa María na Sanlúcar. Chanzo kikakauka.

Pipa lile la babu lipo, limo kwenye solera: safu za mapipa ambamo mvinyo mkongwe unachotwa kidogo chini na kujazwa na mdogo kutoka juu. Lakini hilo limetumika miaka na miaka, mti wake umeshatoa kila kitu, na mwenyewe haliuzi. Wiski ukiiweka humo itapata kidogo.

Pipa la leo limetengenezwa kwa ajili ya wiski. Linachongwa jipya, linakaangwa, linajazwa sheri mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi, halafu sheri inatolewa na pipa linapanda meli. Ile sheri yenyewe mara nyingi hainywewi na mtu: inajaza mapipa mengine tena, au inaishia kuwa siki au inakenekwa. Kwa lugha nyingine, Msomaji, siku hizi sheri ndiyo inayolitumikia pipa.

Sasa rudi kwa Kizibo. Kama pipa lake ni la namna hii na mti ni wa Ulaya, karafuu, mdalasini na kukausha fizi vimetoka kwenye mbao moja kwa moja. Lozi na zabibu zimetoka kwenye mvinyo ulionyonywa na mbao. Huyu anasikia mbao, yule anasikia mvinyo. Mimi naelekea hapo kuliko kwenye salfa, samahani Pua.

#38 Pua Ndefu
Samahani haijapokelewa. Dada wa Glasi naye amesikia kiberiti, na hakuwa mezani.

#39 Kibuyu Tupu
Alikuwa ameshasoma #1 na #3 kabla ya kumimina. Ukiambiwa kuna nyoka chumbani utamwona.

#40 Dada wa Glasi
Kibuyu usiniguse 😂 lakini hoja ipo. Mwaka 2001 kule Bordeaux walichukua mvinyo mweupe wakautia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa waonjaji 54 wanafunzi wa mvinyo. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na hao walikuwa wanasomea kazi hiyo. Sisi tunasoma "oloroso" kwenye lebo halafu tunashangaa kukuta zabibu.

Kwa hiyo Kizibo, nani alisema neno la kwanza pale mezani?

#41 Kizibo Kikavu
Mimi. Nilisema zabibu. Yule wa mbao na pombe akacheka, yule wa kiberiti akabisha hapohapo.

#42 Shemeji Mkuu
Huyo wa kiberiti angebisha hata ungesema maji. Namjua mtu wa aina hiyo, yuko kwenye kila meza.

#43 Pua Ndefu
Lakini mnaona? Kama maneno yanaambukiza, angesema zabibu. Hakusema. Alikwenda upande ambao hakuna lebo inayouelekeza. Hakuna lebo duniani iliyoandikwa "kiberiti na mpira".

#44 Kibuyu Tupu
Nukta hiyo nakupa.

#45 Tone la Maji
Na wa tatu? Mbao na pombe. Kila mtu kamsahau maskini.

#46 Mtaalamu Feki
Alikuwa na mafua.

#47 Kizibo Kikavu
Hakuwa na mafua Feki. Ila ni mvutaji, na alitoka nje mara mbili.

#48 Kaa la Jana
Mimi ni mvutaji na nimepata ndizi, biskuti na rangi ya kiatu. Msitusingizie. Mpe muda, huenda ni mtu asiyeizoea tu. Pombe ya nguvu hii kwa asiyeizoea inapiga kengele moja kubwa, hakuna sauti nyingine inayosikika. Aingize pua polepole na mdomo wazi kidogo, asiitumbukize glasini.

#49 Ndimu na Chumvi
Turudi kwenye salfa. Fundi kasema shaba inakamata salfa kiwandani. Nilikuwa na chupa nyingine, jina naliacha, inanuka mpira hadi aibu. Nikachukua kipande cha waya wa shaba, urefu wa kidole, nikakisugua kwa ndimu na chumvi (ndiyo, jina langu) hadi kikang'aa wekundu, nikakisuuza vizuri, nikakizungusha kuwa kamzingo, nikakitia glasini. Nikawa nazungusha polepole. Baada ya dakika kadhaa waya umepoteza mng'ao, una utando wa kahawia sehemu iliyozama, sehemu iliyokuwa juu bado inang'aa. Mpira umepungua sana. Chini yake kukawa na tini na kahawa. Sikuamini kama ni wiski ileile.

#50 Pua Ndefu
Ndimu umeniokoa! Hiki nakifanya leo.

#51 Fundi Mapipa
Inawezekana kikemia, na watengeneza mvinyo nao wana mbinu za shaba. Usiuache waya humo muda mrefu na usiifanye desturi, shaba si kiungo. Lakini kama jaribio bado hujathibitisha. Ulizungusha glasi dakika kadhaa. Ungezungusha bila waya, kiasi gani kingeondoka? Dada kaacha glasi nusu saa na kiberiti kikatoweka bila shaba yoyote.

#52 Ndimu na Chumvi
Na utando wa kahawia?

#53 Fundi Mapipa
Shaba safi inachafuka kwa vitu vingi mkuu.

#54 Dada wa Glasi
Rahisi tu. Glasi mbili, kiasi sawa, zizungushwe sawa, moja iwe na waya. Waya utolewe kabla ya kunusa. Anayenusa asiwe Ndimu, na anayemimina asiwepo wakati wa kunusa. Na Kizibo ampe mwenzake wa kiberiti, maana ndiye pua tunayoihitaji.

#55 Kizibo Kikavu
Nimemwambia. Anasema waya wa umeme hautii kwenye wiski.

#56 Ndimu na Chumvi
Si wa umeme! Aumenye ganda kwanza, auoshe!

#57 Shemeji Mkuu
Mleta uzi usiweke waya wowote. Kizibo weka namba ya toleo hapa hadharani tuone nani mwingine anayo, ndipo tulinganishe. Jina ficha tu, ingawa mimi nimeshalijua tangu #16.

#58 Kizibo Kikavu
Shemeji taja faraghani nione kama umepatia.

#59 Shemeji Mkuu
Nimetuma.

#60 Kizibo Kikavu
Hujapatia. Hata eneo siyo.